Koti la Mama Furaha na kipima joto

Leo Mama Furaha nusura alie kwa ajili ya samaki ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ana chumba cha baridi hapa Uvira, karibu na ziwa. Fundi Bahati alikuwa amemfungia kipima joto kipya ukutani, ndani, waya zikitoka hadi kwenye kioo cha namba nje ya mlango. Mama akaingia kupanga samaki, akatoka, akafunga.

Mara namba zikaanza kupanda. Mbili. Sita. Kumi na moja.

Ndani mlikuwa na samaki aina ya sangala wa kwenda Bukavu, mzigo wake wote.

"Weye fundi, umeniua!"

Bahati akakaza waya za nje, moja baada ya nyingine. Namba hazikushuka.

"Mama, tufungue mulango nione."

"Hapana! Baridi itatoka yote!"

(Nilikuwa nimesimama hapo na kamera mkononi, nimekuja kuwapiga picha. Sikuiinua.)

Mwishowe Mama akakubali, akageuza uso pembeni.

Barafu ilikuwa nzima, sangala wa baridi vilevile. Na juu ya kipima joto lilining'inia koti zito, bado lina joto la mwili.

"Koti hii iko ya nani?" Bahati akauliza.

Sote tukamtazama Mama. Alikuwa amelivua ili mikono ya koti isilowe, akalisahau.

Akashusha pumzi, kisha akacheka hadi akakalia kreti.

"Miye nilizani umeniwekea musumari wa kutundikia koti!"

Bahati akampigilia msumari wa kweli, nje ya mlango.

Nanyi semeni: fundi gani mlimlaumu bure?