Siku Niliyobeba Bastola Kariakoo

Mambo yangu mengi huwa nayasema mwenyewe, lakini hili nimelikalia miaka, na ningeendelea kulikalia kama si kwamba kuna watu kule Dar ambao wakiniona leo wataanguka kwa kicheko, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwao: niliwahi kulala kifudifudi nyuma ya soko la Kariakoo, juu ya nyanya zilizooza, mikono kichwani, shati jeupe, mchana kweupe, kwa sababu ya bastola.

Nilikuwa nimetoka Mpanda. Nilikuwa na kidato cha nne na miguu isiyotulia, nimeshapita Urambo kwenye tumbaku na Kigoma kwenye dagaa, na kila nilipofika nilipaona pa zamani ndipo palipokuwa pazuri (ugonjwa huu sijapona mpaka leo). Treni ya Mpanda ilituleta Tabora, Tabora tukasubiri mpaka tukawa wenyeji, na tulipopata ya kuelekea Dar injini ikazimika porini kabla ya Manyoni, watu wakashuka wakawasha moto na kupika ugali kandokando ya reli kama wamehamia. Njia nzima jirani yangu, muuza mablanketi, alinifundisha mji. "Bongo kule," alisema, "ukipiga miayo wanakuibia meno."

Nilimcheka. Tuliposhuka stesheni, kabla sijajua mlango wa kutokea uko wapi, nilishauziwa redio mpya ndani ya boksi lake, imefungwa vizuri kwa utepe, na nilipoifungua nikakuta nusu ya tofali limevishwa gazeti. Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Na si mimi tu. Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yamefurika ghafla, sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni sasa tunachagua rangi ya sabuni, na katika mafuriko yale hakuna aliyejua kipi ni cha kweli na kipi kimebandikwa jina tu. Nilikuwa nikinunua betri naing'ata kwanza. Sijui nilitegemea kuonja nini.

Nilipata kazi Gerezani, kwenye stoo ya vipuri ya Mzee Nassor, Mwarabu aliyezaliwa Ilala, mnene, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kutukana bila kutaja tusi. Vipuri vilimpa chakula, ila roho yake ilikuwa kwenye mawe. Kila baada ya muda alikwenda machimbo ya kusini kununua vito, na mimi nilikuwa nikimwona anavyofunga mizigo, naumwa na safari. Siku moja akaniambia, "Ukinyooka, safari ijayo tunakwenda wote." Basi. Nikawa sili vizuri, nanyooka tu.

Sasa bastola. Mzee alikuwa nayo moja ya zamani, ya dukani, nzuri ya kuweka mezani mjini. Kule kusini vumbi liliingia, jasho likaingia, na siku majambazi walipomsimamisha porini aliivuta ikasema "tk", ikanyamaza. Walimwachia fulana na kikoi. Aliporudi akaapa hatanunua tena bastola iliyozoea kabati. Mpwa wake aliyekuwa ng'ambo akamtafutia fundi anayeunda bastola mojamoja, kwa kuagizwa, kwa watu wa jangwani na visiwani na machimboni, na baada ya vibali na mihuri ya kutosha kumchosha hata mwizi, ikafika.

Alinionyesha jioni stoo ilipofungwa. Akatoa magazini, akahakikisha haina risasi hata moja, kisha, mimi nikiwa nimetumbua macho, akaizamisha kwenye ndoo ya mchanga na maji, akaikoroga kama uji, akaitoa inachuruzika, akavuta kifyatulio. Ta! Akaikoki, akavuta tena. Ta!

"Umeona?" alisema, anang'aa kama bwana harusi. "Za dukani zimebanwa mno, punje moja ya mchanga inazitoa roho. Huyu fundi kaacha nafasi, uchafu upite uende zake. Springi nene. Na huu weusi si rangi, umeingia kwenye chuma chenyewe, chumvi ya bahari hii haifui dafu. Shika mpini, si umekwaruzwa? Hata mkono ukiwa na damu hautelezi."

Niliishika. Nzito, baridi, nyeusi tii. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ilikuwa na kiuno kinene kuliko wenzake, kwa hiyo ala zote za ngozi zilizokuwa zikiuzwa mjini hazikuiingia.

Asubuhi yake Mzee akaniita, akanipa kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha njano alichoifutia mchanga jana yake. "Peleka kwa Shomari fundi ngozi, nyuma ya soko. Anajua. Aishonee ala, umsubiri urudi nayo. Usifungue, usimwonyeshe mtu."

Hapo mtu mwenye kidato cha nne angeuliza swali. Mimi nilisikia uzito mkononi, nikaona nimeshafika kusini.

Kutoka Gerezani mpaka Kariakoo si mbali, lakini siku ile palikuwa mbali kuliko Mpanda. Kwanza nilikiweka kapuni, nikaona kapu linatazamwa. Nikakitia shatini, tumboni, nikakikumbatia kwa mikono yote miwili, nikawa natembea nimejikunja huku namkazia macho kila anayenikaribia: muuza soksi ana macho ya wizi, msukuma mkokoteni ananifuata (alikuwa anakwenda tu njia moja na mimi, na mtaa wenyewe ulikuwa mmoja), hata mama muuza chai aliyeniuliza kwa huruma, "Kaka, tumbo la kuendesha hilo? Njoo nikupe tangawizi," nikamwona ni wakala wa wezi. Nikaongeza mwendo, na nyuma nikasikia akimwambia mwenzake, "Maskini, hafiki."

Shomari alikuwa na kibaraza chake chini ya turubai: viatu, mikanda, mikoba, beseni la maji, na nyuma yake pazia la gunia. Mtu wa makamo, mrefu, mdomo haufungi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, akapokea kifurushi, akakipima mkononi, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

"Wa Mzee Nassor? Haya. Kaa." Akaingia nacho nyuma ya pazia.

"Fundi, si ufungulie hapa?"

"Hapa, watu wakione? Unataka soko lihame?"

Nikasikia maji, nikasikia nyundo ya mti, ko, ko, ko. Akatoka mikono imelowa. "Ngozi lazima niilowanishe, niivishe, niache ikauke ikishika umbo. Nenda, urudi alasiri."

"Nitasubiri."

"Mpaka alasiri?"

"Hapahapa."

"Wewe umetumwa ala au umekuja kuposa?" Wateja wake wakacheka. Nikahamia ng'ambo ya njia, nikakaa juu ya kreti tupu la soda, nikawa namtazama bila kupepesa. Kila nusu saa alikuwa ananipungia mkono. Na mchana, kama alivyopanga shetani, akaja mtu na gunia begani, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kitu kimefungwa gazetini, akapotea. Nilisimama, nikakaa. Nilisimama tena. Kwamba mtu anaweza kwenda kwa fundi viatu kuchukua viatu, hilo halikunijia.

Alasiri Shomari akanipa kifurushi changu. Ala ilikuwa nzuri, bado ina unyevunyevu, na ndani yake mpini mweusi umechungulia. "Mwambie Mzee asiitoe mpaka kesho ikauke sawasawa. Na wewe usiichezee."

Kwa nini nisiichezee? Nilipinda kona, nikajibanza kati ya magunia ya vitunguu, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikaivuta. Ilitoka kwa shida, nikaigeuza kwenye mwanga, na chini ya mpini nikaona mstari mweupe, mwembamba, wa mti. Nikavuta kifyatulio, hakikusogea, kilikuwa kimechongwa. Mtutu haukuwa na tundu. Nilikuwa nimeshika mpingo.

Jamani. Redio ya tofali nililia kidogo nikasamehe, lakini bastola ya mtu, yenye leseni na picha yake, ukiipoteza unaozea ndani, na kusini nitakusikia kwa watu. Sikufikiri lini Shomari angepata muda wa kuchonga mti ufanane namna ile. Nilifikiri mambo mawili tu, tabasamu na gunia, nikarudi mbio, ala mkono huu, ule mti mkono huu. Sikuamua kuushika kama bastola, naapa, ila mpini ulikuwa umechongwa vizuri mno, mkono ukajishikia wenyewe.

"Mwizi wee!" nilipiga kelele. "Shomari! Toa bastola! Toa bastola sasa hivi!"

Hebu jiwekeni kwenye nafasi ya watu wa soko. Kijana shati jeupe, macho mekundu, anamnyooshea mtu kitu cheusi anamdai bastola. Mwanamke mmoja akasema "Jambazi!" na mtaa mzima ukahama. Milango ya maduka iliteremshwa, kra kra kra, meza za mitumba zikapinduka, mzee mmoja akajifunika kwa beseni. Nikaona nimeeleweka vibaya.

"Si ya kweli!" nikapaza sauti. "Ya mti! Sikilizeni!" Nikaigonga kwenye nguzo kuwathibitishia. Ko! Ko! Wao wakasikia risasi, waliokuwa wamebaki wakaondoka pia. Kisha mmoja aliyejificha nyuma ya nguzo ileile akachungulia, akasema, "Ni mti kweli." Siku hiyo nilijifunza kwamba jambazi mwenye bastola ya kweli watu humkimbia, lakini mwenye ya mti watu humrudia, tena na fimbo.

Nyanya ya kwanza ilinipata sikioni. Jiwe likapita. Nilianguka, au niliangushwa, nikasikia miguu inanizunguka na sauti ya mtu anauliza tairi liko wapi, na nyinyi mnajua tairi ni la nini. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye treni sikumshuku mtu yeyote. Nilikuwa na hakika.

Aliyenikingia alikuwa Shomari. Alisimama juu yangu miguu imetanuka, kisu cha ngozi bado kipo mkononi, akanguruma: "Asiguswe! Huyu mjinga ni wangu! Kaniita mwizi mimi, hajawaita nyinyi. Asiguswe mpaka nimalizane naye!" Wakasita. Na katika kusita kwao askari akafika, anahema.

"Lala chini!"

"Nimelala, afande."

"Silaha iko wapi?"

"Nimeilalia."

"Itoe!"

"Nikiitoa utanipiga."

"Usipoitoa nitakupiga!"

Shomari ndiye aliyeingiza mkono chini ya tumbo langu akaitoa, akamkabidhi, na askari akaigeuza, akaikwaruza kwa kucha, akanitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kosa la kuniandikia. Mtu akatumwa Gerezani. Mzee Nassor akaja anapepea shati, akatoa leseni, akamvuta askari pembeni akafunua kiuno, na pale kiunoni, imechomekwa kwenye pindo la msuli aliovaa, ilikuwepo bastola yake. Haikuwa imetoka hapo tangu jana. Huwezi kumwachia fundi silaha ya leseni, alieleza kwa sauti, watu wakisogea kusikia, ndiyo maana alimpa mchongaji vipimo, akamchongea mpingo wa kuvishia ngozi, na mpingo una uzito wake. Hapo kicheko kilichopigwa, nadhani Posta walisikia.

Kesho yake nilikwenda kwa Shomari kuomba radhi. Nilianza kwa kunong'ona. Akanipandisha juu ya kigoda chake. "Sema kwa sauti," alisema. "Jana walisikia kwa sauti." Nikasema kwa sauti, kwamba Shomari si mwizi, wapita njia wakasimama, yule mama wa chai akapiga vigelegele. Shomari akanishusha, akanipa mkono, akarudi kwenye kiatu chake. Kwake yakaisha.

Kwa Mzee hayakuisha. Nilimuuliza stooni, "Kwa nini hukuniambia ni mti?"

"Ningekuambia ungeubeba kama mti, ukauchubua." Akacheka. Kisha, anapanga bolti wala hanitazami: "Na kama ungetokomea nao, ningepoteza kipande cha mpingo tu. Lazima nimjue mtu kabla sijamchukua porini."

"Sasa umenijua?"

"Nimejua hukimbii na mali ya mtu. Nimejua pia hufai kushika kitu."

Alisema kwa mzaha, na ni kweli tupu, ila iliniingia mahali pabaya. Mji mzima nilikuwa nawachungulia watu kama maboksi ya redio, kumbe muda wote mtu mmoja alikuwa amenichungulia mimi. Kusini alikwenda na mwingine. Mtaani nikaitwa Afande Mpingo, watoto wakawa wakiniona wanalala chini na kuweka mikono kichwani, na mimi nikaanza kuikumbuka Urambo kuwa palikuwa pazuri.

Nimeapa, na kiapo hiki nimekishika, isipokuwa mara moja: mzigo wa mtu siubebi mpaka afungue mbele yangu, hata kama ni maandazi. Nimeshapoteza marafiki kwa hilo.

Siku niliyoondoka Dar, na sijarudi tena kuishi, nilikaa dirishani, treni imejaa hadi vyooni, watu wanapitishwa madirishani pamoja na mabegi. Mama mmoja nisiyemjua alikuja mbio jukwaani na kichwa cha treni kimeshapiga honi, akanyoosha mikono, akanipa kitu kilichofungwa kwenye kanga. "Nishikie, kaka," akasema, akakimbilia mlango wa nyuma. Hakuniuliza jina, hakuniuliza ninakwenda wapi. Nilitazama, nikakuta mtoto, amelala. Treni ilikwishaanza kusogea, mama hajaonekana, na mimi nilimshika yule mtoto kama sijawahi kushika kitu, mpaka tulipoipita Pugu mama yake akawa bado anajipenyeza kati ya watu kuja kwetu, na mtoto alikuwa ameshanilowesha mapajani, sikuthubutu kujisogeza.