Kati Si Kitovu

Wanafunzi walimwita Mama Kitovu, na yeye alijua. Chuo cha ufundi hakina siri. Jina la mwalimu likishapatikana huandikwa mpaka kwenye mlango wa choo. Alifundisha mekanika, na kila mwaka, siku anapotamka neno "kitovu" kwa mara ya kwanza, darasa zima huinamia matumbo na kuangua kicheko. Yeye huweka chaki mezani na kungoja.

"Mkimaliza kuchekea matumbo yenu," husema, "tuendelee."

Kisha hutoa kwenye mkoba kipande cha boksi kilichokatwa shaghalabaghala, chenye matundu mawili pembeni. Hukitundika kwenye pini kwa tundu la kwanza, na kwenye pini hiyohiyo huning'iniza uzi wenye nati ya chuma mwishoni, ndiyo timazi yake. Uzi ukitulia, huchora mstari unapopita. Hukitundika tena kwa tundu la pili na kuchora mstari mwingine. Mistari inapokatana huweka ncha ya kidole chini yake, na kile kikaratasi kigumu hukaa juu ya kidole, kimetulia tuli. Hakosekani mmoja nyuma wa kupiga mluzi.

Shida huanza wiki inayofuata. Boksi tupu ni rahisi, maana unene wake ni uleule kote, kwa hiyo kitovu cha umbo ndicho hichohicho kitovu cha uzito. Lakini ukibandika kitu kizito upande mmoja, kitovu cha umbo kinabaki palepale, na kitovu cha uzito kinahamia upande wa kile kizito. Hapo ndipo nusu ya darasa humkimbia. Kwenye mtihani wanachora msalaba katikati kabisa ya mchoro, safi, kwa rula, na yeye huandika pembeni kwa wino mwekundu: Kati si kitovu. Ameandika maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba mkono wake huyaandika huku yeye akiwaza mambo ya jikoni.

Mumewe alikuwa dereva wa winchi kwenye yadi ya mizigo. Watu walipomuuliza mwalimu wanaendanaje, alijibu, "Yeye ananyanyua vitu, mimi naeleza kwa nini havijaanguka." Kazini walimwita mumewe Rula, na walikuwa na sababu. Alikuwa mtu wa vitu kunyooka. Hakuweza kupita kwenye picha iliyoinama ukutani asiinyooshe, hata iwe nyumba ya watu, hata iwe msibani. Kikopo cha chumvi kilikaa katikati ya meza, na ukikisogeza alikirudisha huku akiendelea na mazungumzo, kama mtu anayejikuna. Watoto wao, kabla hawajaolewa na kuoa wakahama, walikuwa wanakisogeza makusudi wapate kucheka. Kuhusu kitanda, mwalimu alisema hakuna haja ya kupiga hesabu: Rula alikuwa na mwili, na kitovu cha kitanda kilikuwa upande wake tangu siku ya harusi.

Rafiki mkubwa wa Rula alikuwa mfunga minyororo wake, mtu mmoja mwembamba aliyeitwa Kipara. Mmoja juu kwenye winchi, mwingine chini kwenye mzigo, wakazeeka hivyo. Kipara akija nyumbani humwita mwalimu shemeji, hula vizuri, na huosha sahani yake mwenyewe hata akikatazwa.

Alhamisi moja Rula alirudi akakaa mezani bila kuvua viatu. Jenereta ilikuwa imeanguka, alisema. Iliinama ikiwa hewani, ikachomoka kwenye minyororo, ikamwangukia Kipara mguuni. Yuko hospitali. Wakubwa wanasema yeye ndiye aliyefunga, na Jumatatu kuna kikao. Wakimwona ana kosa, kibarua kimeota nyasi, na matibabu ni juu yake.

"Alifungaje?" aliuliza mkewe.

"Vibaya. Si unaona imeanguka?"

Alimpa pole, akampakulia. Rula alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Hivi, Mwalimu. Kitu kama boksi, kirefu, kimefunikwa bati pande zote. Ukikifunga katikati kabisa, si ndiyo sawasawa?"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu kazi yake.

"Nani alisema kifungwe katikati?"

"Nauliza tu."

"Na mimi nauliza tu, baba watoto."

Rula akanyanyuka kwenda kuoga, na hakurudi kwenye swali hilo.

Kesho yake baada ya vipindi mwalimu alipita hospitali. Kipara alikuwa kitanda cha karibu na mlango, mguu umefungwa plasta mpaka gotini.

"Shemeji, usinionee huruma hivyo. Mguu upo. Vidole viwili ndivyo vimeniaga."

Walicheka kidogo. Kisha mwalimu akamuuliza alivyofunga, na Kipara akaeleza bila kuzunguka. Alikuwa ameweka minyororo upande wa injini, kwa sababu ndani ya lile bati uzito ulikuwa upande huo. Akaomba mzigo unyanyuliwe kiganja kimoja tu kutoka chini. Ukatulia.

"Ila kwa kuutazama ulikuwa kama umefungwa na mlevi. Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Rula akaushusha, akaniambia weka kati, unatia aibu. Nikaweka kati."

"Wakubwa umewaambia?"

"Rula atasema mwenyewe."

Alisema hivyo huku akitafuta glasi yake ya maji, bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililomchoma mwalimu kuliko plasta. Njiani alifikiria kwenda ofisi ya yadi na kulimaliza. Hakwenda. Kama angesema yeye, Kipara angebaki na kazi, lakini rafiki asingebaki naye, na mwalimu alijua ni kipi Kipara alikuwa anakisubiri pale kitandani.

Jumapili mchana alikata boksi la viatu mezani, mstatili mrefu, akatoboa matundu mawili kwenye pembe. Akamwita mumewe.

"Mimi si mwanafunzi wako," Rula alisema.

"Ndiyo maana sitakupa alama. Kaa."

Akamwambia atafute kati. Kwa hilo Rula hakuhitaji kubembelezwa. Alichora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, akaweka kidole chini ya pale ilipokatana, kipande kikakaa.

"Umeona?"

"Nimeona."

Mwalimu akachukua vipande vingine vya boksi, akavipaka gundi, akavibandika tabaka juu ya tabaka kwenye ncha moja. Alifanya taratibu, kama anavyofanya darasani. "Hii injini," alisema. "Weka tena kidole chako."

Kikaanguka sakafuni. Rula akakiokota, akakiweka palepale, kikaanguka tena. Mara ya tatu alikaza macho kana kwamba kile kitu kingemwogopa. Mkewe akampa pini na timazi. Rula alikitundika kwenye msumari wa kalenda, akachora, akakigeuza, akachora tena. Mistari ilikatana mbali na msalaba wake, karibu kabisa na lile rundo la tabaka. Akaweka kidole hapo. Kikatulia.

"Kipara alifunga hapa," alisema.

Mkewe alikusanya vipande vya boksi vilivyobaki.

"Ilikuwa imekaa upande. Ilinikera macho." Alikalia kiti. "Nikisema, wananishusha kwenye winchi."

"Watakushusha."

"Unasema kama haikuhusu."

"Inanihusu. Naogopa sana. Lakini ulikuja kwangu nikwambie kati ndiyo sawasawa, na hilo sisemi."

Alimpenda mume huyu, na mchana ule hakumpenda hata kidogo. Vyote viwili vilikuwa kweli, akaenda kufua.

Jumatatu Rula aliondoka amefunga vifungo mpaka shingoni, bila kusema ataongea nini. Darasani, mwalimu alichora boksi ubaoni, akabandika uzito upande wa kushoto, kisha akaweka msalaba katikati kabisa. Binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono nusu.

"Mwalimu, samahani. Si ulisema kati si kitovu?"

Akafuta ubao, akasema asante, akatoka nje kidogo kupata hewa.

Aliporudi nyumbani alimkuta mumewe mezani. Kile kipande cha boksi kilikuwa mbele yake.

"Nimesema," Rula alisema.

"Wakasemaje?"

"Winchi kapewa mwingine. Mimi nitafunga minyororo. Kipara akipona anarudi, na mimi nitakuwa chini yake."

"Umepita hospitali?"

"Nimetoka huko. Nimemwambia yote niliyowaambia. Na kwamba siku nne nilimwacha abebe lawama yeye."

"Naye?"

Rula aligeuza lile boksi juu chini, akaligeuza tena.

"Ameniuliza kama nimekula."

Mwalimu alivua mkoba begani, akauweka chini.

"Umekula?"

Rula alitikisa kichwa. Alikuwa analia, mtu mzima, bila sauti, na kikopo cha chumvi kilikuwa ukingoni mwa meza alipokiacha mkewe asubuhi. Mwalimu alikwenda kupakua, sahani mbili, na ya tatu akaifunika ya kupeleka hospitali.