Mkono Haukufika Sikioni

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Runyenjes, mwanangu, tulipopangwa foleni nje ya shule tupimwe kama tumetosha kuanza darasa la kwanza. Siku hizo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu. Uliambiwa upitishe mkono juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili. Ukigusa, basi una akili ya kusoma. Wangu uliishia kwenye nywele. Mwaka uliofuata ukaishia palepale.

Nyumbani wakaanza kuniita mtoto ambaye hajaiva. Ukiitwa hivyo kila siku unazoea. Nilikuwa nikitumwa chumvi, nikifika njiani nasahau nimetumwa nini. Hata mbuzi nadhani walinidharau.

Ndipo cucu, bibi yangu mzaa mama, akanichukua kwake Mbeere, kwenye joto na mawele. Nikifumba macho bado naisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa. Kila jioni aliniuliza nimeona nini, kisha akangoja jibu, hata uji ukifurika. Hakuna aliyewahi kuningoja. Basi nikaanza kutazama: mawingu, njia za siafu, ndege wanaojua mawele yameiva kabla yetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Shule zilipofunguliwa akanirudisha Runyenjes, kwenye foleni ileile. Mkono haukufika. Mwalimu akanipungia niondoke, nami moyo ukanizama, maana baba alikwisha sema nikikataliwa tena nitabaki kuchunga mbuzi.

Cucu hakubanduka.

"Mwalimu, huo mkono ni wa kubeba kuni," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Akili haiko hapo. Wewe uliza yeye kitu, halafu ngoja."

Mwalimu akaniuliza tumepitia wapi. Nikamweleza jinsi njia inavyopanda na baridi kuongezeka, na jinsi ukungu ulivyotukuta kwenye mashamba ya kahawa, tukawa tunawasikia watu bila kuwaona, tukatembea kama waliolala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika jina langu.

Nyuma yangu walikuwapo wengine wenye mikono mifupi. Hao hawakuulizwa kitu. Niliwaona wakishuka mteremko mmoja mmoja hadi ukungu ukawafunika, na mpaka leo roho inaniuma.

Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake, ila nywele nazo zinataka wa kuzitunza. Kabla hujasema mtoto ni mzito, jiulize ni nani amewahi kumwuliza neno akamngojea. Kama hayupo, mngoje wewe. Mungu akujalie subira hiyo, na watoto wako wasikose kamwe mtu wa kuwasikiliza mpaka mwisho.