Pomadi Niliyompa Jeanine

Safari ile naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na nimesafiri nyingi. Treni kutoka Tabora hadi Kigoma, wiki nzima ya kungoja meli ya mizigo, kisha ziwani juu ya mifuko ya saruji hadi bandari ya Bujumbura. Vita vilikuwa bado havijaisha. Milimani bunduki zililia, na huku mjini watu waliendelea kuuza nyanya. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha sekondari, na katoni moja ya pomadi za kung'arisha ngozi.

Nilipanga chumba Buyenzi kwa Mama Saidati, mkunga aliyestaafu, na meza yangu nikaiweka soko la Mutakura. Wenzangu sokoni walinifundisha kuchanganya: dawa ya kutuliza mwasho, losheni ya kutakatisha, na sabuni yenye zebaki iliyokwanguliwa, vyote ndani ya kopo moja. Sikujua vinafanya nini mwilini. Nilijua tu kwamba baada ya siku tano mteja anarudi anatabasamu.

Jeanine alikuwa akianika ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa, kwenye mchanga wa ufukweni pale Kajaga. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita, na mashavuni yalimtoka mabaka ya kahawia. Wifi yake alishaanza kunong'ona kwamba ni sida, yaani ukimwi. Wakwe wangekuja kwenye guhemba, siku ya kumletea mzazi vyakula na kumwona mtoto, na Jeanine aliogopa kukaa mbele yao na uso ule. Nikampa kopo. Nikamwambia apake asubuhi kabla ya kwenda mchangani, jua lisaidie dawa kuingia. Ndivyo tulivyowaambia wateja wote.

Wiki ya tatu Jeanine alikuja Buyenzi saa sita mchana, kitenge kimefunika kichwa. Mama Saidati alikifunua. Mashavu yalikuwa mekundu, yamejaa malengelenge, jicho moja limevimba. Aliuliza nani kampa. Nikasema ni mimi.

"We umesoma," alisema taratibu. "Umesoma, na unapakaza mutoto wa watu zebaki, ana mimba. Ile rangi Mungu alimupa ni mwavuli. We umeutoboa, kisha ukamutuma juani."

Alinikalisha akanieleza. Mabaka yale yaliletwa na homoni za mimba, na mara nyingi hufifia yenyewe baada ya kujifungua. Jua ndilo huyazidisha. Dawa ya mwasho ikipakwa ovyo huikondesha ngozi. Zebaki hupenya hadi kwenye damu, ikafika kwenye figo na kwa mtoto. Tulimpeleka zahanati, wakampima mkojo, wakamwambia aache kopo lile, arudi kila wiki. Kama mtoto ameguswa, hakuna aliyeweza kutuambia.

"Toka kesho ndagala zake utaanika wewe," Mama Saidati akamaliza.

Basi nikaanika. Wanawake wa Kajaga wakaniita Muganga wa Pomadi. "Muganga, geuka upande wa pili," mmoja aliniambia, "utaiva mbele ya ndagala." Jeanine alicheka hadi akashika tumbo. Alikaa chini ya turubai akichambua samaki, na mimi shingo ilinibabuka, ingawa nilikuwa mweusi kuliko wote. Chakula kilikuwa cha shida miaka ile, lakini Mama Saidati hakukosa kumtumia maharage, lengalenga, ule mchicha wa huko, kwa mawese na kipande cha parachichi. Alisema ngozi mpya haioti kwa njaa.

Jeanine alijifungua msichana mwenye sauti kubwa. Figo za mama zilikuwa salama, mtoto mzima. Siku ya guhemba mabaka yalikuwa yamefifia sana, limebaki kovu moja chini ya jicho. Wifi alilikodolea macho.

"Ni pomadi," Jeanine akasema. "Tulifanya ujinga, mi na huyu kaka." Akanipa mtoto nimpakate.

Mtoto alikuwa na miezi minne nilipoondoka Bujumbura, na sikurudi tena. Jeanine alinisindikiza hadi bandarini, kofia pana ya ukindu kichwani. Kabla sijapanda alinigeuzia shavu.

"Angalia vizuri," akasema. "Huko unaenda, uwaambie."

Basi nakwambia, mwanangu. Usipake kitu ambacho anayekuuzia hajui kilichomo. Chunusi za ujana na mabaka ya mimba ni kazi ya homoni. Vipe muda, na vikizidi mwone mganga wa hospitali. Ukiwa umeshazoea mchanganyiko, mwambie bila aibu, akusaidie kuuacha. Jua la mchana jikinge kwa kofia, kitenge na kivuli, hata kama u mweusi kama mimi. Kula mboga, samaki na matunda unayoyapata, unywe maji. Mungu akutunze ndani ya ngozi hiyo hiyo aliyokuvika, na wanaokupenda waitambue sura yako hata ukizeeka.