Sheria ya Koki

Katika kila kikundi cha michezo ya mezani kuna mtu mmoja anayesoma sheria. Wengine wanafungua boksi, wananusa karatasi mpya, wanagombania rangi za kete, halafu wanamgeukia: "Haya, tunachezaje?" Yeye ameshakaa na kijitabu tangu Jumatano, kakisoma mara tatu, kakipiga mistari ya penseli. Hakuna anayemshukuru. Mchezo ukinoga, basi ni mchezo mzuri. Ukiboa, "we ulituelezea vibaya."

Kwenye klabu ya ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ofisi, mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu, fundi wa meno ya bandia, na wote walimwita Fundi. Siku za kazi alikuwa chumba cha nyuma cha kliniki, kisicho na dirisha, akimimina plasta kwenye alama za meno ya watu ambao hajawahi kuwaona, akichonga nta, akisugua ufizi wa plastiki mpaka kidole kinaungua. Kule mbele mgonjwa alijiangalia kwenye kioo, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akamshika daktari mikono yote miwili. "Daktari, Mungu akuzidishie." Fundi aliyasikia hayo kupitia ukuta, akapuliza vumbi la plasta, akaendelea.

"Meno unatengeneza wewe, anayechekewa ni daktari," dada yake mkubwa alizoea kumwambia. Waliishi wawili, na mdomo wa dada haukuwa na breki. "Na huko klabuni kwenu ni hivyohivyo. Una kipaji cha kunenepesha wenzako."

Usidhani alitaka makubwa. Nyuma ya kila kijitabu cha sheria, ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kuna orodha ya watu waliosaidia mchezo ukawa mchezo. Fundi akifungua boksi jipya alianzia huko. Alitaka jina lake liwe kwenye orodha ya namna ile, kwenye mchezo mmoja, mara moja kabla hajafa. Basi.

Mwezi wa kwanza likaja boksi la Mabomba. Mchezo wa hapahapa, umetungwa na kijana wa hapahapa, na watu walikuwa na hamu nao. Kila mchezaji ana mtaa wake, anapanga vipande vya bomba kutoka kwenye tangi mpaka kwenye nyumba, nyumba ikipata maji anapata pointi. Halafu kuna koki. Unaweza kuweka koki kwenye bomba la mwenzako, maji yakakatika. Lini? Wakati wowote. Ngapi? Unavyotaka.

Nadhani unaona shida iko wapi. Wao hawakuiona. Jumamosi ya kwanza walicheza masaa matatu, kila mtu kamfungia kila mtu, hakuna nyumba hata moja iliyopata tone. Kinyozi, ambaye ni mchekeshaji wa klabu na humwita kila mtu shemeji, alirusha kadi zake mezani.

"Shemeji, huu si mchezo. Hii ni idara ya maji yenyewe."

"Umefungwa kwa sababu huna akili ya mbele," Mwenyekiti akamwambia.

"Na wewe mbona umekauka?"

"Mimi nimekauka kimkakati."

Mwenyekiti ndiye mwenye duka la chini. Chumba chake, meza zake, feni yake, kwa hiyo na neno la mwisho lake. Alifunga boksi akatangaza kuwa mchezo haufai.

Fundi alilibeba nyumbani. Siku nne alicheza peke yake juu ya kitanda, akijifanya watu wanne. Alhamisi akapata jibu: ukimfungia jirani koki, na wewe ufunge moja kwako. Sentensi moja. Ghafla kisasi kikawa na bei. Ghafla unamwangalia mwenzako usoni, unajiuliza atathubutu au hathubutu. Mchezo ulikuwa hai.

Tatizo likawa kuwaambia. Miaka miwili nyuma, kwenye mchezo mwingine, aliwahi kusema, "Mimi naona tungebadilisha hapa." Mwenyekiti alimtazama juu mpaka chini. "Kwani umeutunga wewe?" Wakacheka wote, hadi Kinyozi. Siku ile alijifunza kitu: kitabu kikisema, watu wanatii, yeye akisema, watu wanabishana.

Kwa hiyo Jumamosi akawaambia, "Jamani, wiki iliyopita tulikosea. Nimesoma tena. Ukurasa wa saba: ukimfungia jirani, unafunga na kwako."

Hakuna aliyeomba kukiona kijitabu. Wale watu wangeweza kusoma nyuma ya pakiti ya sabuni lakini si kijitabu cha sheria.

Wakacheza. Kinyozi akasimama juu ya kiti. Mwenyekiti akamfungia mtu koki, akafunga na kwake, akashindwa kwa pointi moja, akapiga meza kwa furaha kama aliyeshinda. Mwaka mzima ukawa mwaka wa Mabomba. Fundi alikaa pembeni na kijitabu mapajani, kifua kimejaa, mdomo umefungwa.

Mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa kuchagua mchezo wa mwaka, na hapo ndipo utawajua watu. Wamekaa kumi na nne, kila mmoja na orodha yake, utafikiri wanagawana urithi.

"Mimi wa kwanza ni ule wa misafara," alisema mmoja.

"Ule wa misafara una kete nzuri tu. Ukitoa kete, umebaki na kuchoka."

"Sawa, na tuzo watapewa walewale wakubwa, kila mwaka walewale. Sisi tunapiga kelele, stika ya dhahabu inabandikwa kwingine."

"Mwaka huu hapana," alisema Mwenyekiti, akajinyoosha. Umoja wa klabu zote ulikuwa umemweka kwenye jopo la tuzo, mmoja wa majaji watano, na tangu siku hiyo alikuwa hakohoi bila kulitaja jopo. "Mwaka huu ni Mabomba. Nyie semeni ule mchezo una nini ambacho mingine haina?"

"Koki!" walijibu kwa sauti moja.

"Ile sheria ya koki. Mtu aliyeiwaza ile, jamani, ana kichwa. Hamna mchezo kama huu nchi hii."

Mikono kumi na moja ikanyooka. Fundi wa kumi na mbili, akachelewa kidogo kwa sababu masikio yalikuwa yanavuma.

Majaji wengine wanne walifundishwa Mabomba na Mwenyekiti mwenyewe, kwa mdomo, kwenye meza yake. Utauliza, jaji wa tuzo hasomi kijitabu? Hasomi. Mabomba ikashinda.

Asubuhi ya tuzo dada alimpigia pasi gauni. "Leo unasema," alimwambia bila kumwangalia. "Umwendee huyo kijana aliyetunga. Si huyo Mwenyekiti wenu, mtunzi mwenyewe. Mwambie sheria ni yako, na unataka jina kwenye kitabu. Jina halimpunguzii kitu."

"Na akikataa?"

"Akikataa umekataliwa ukiwa umesimama. Mpaka sasa unakataliwa ukiwa umekaa."

Ukumbi ulikuwa wa hoteli ya wastani, viti vimevalishwa vitambaa, saa nne asubuhi. Mwenyekiti akapanda kusoma sababu za jopo. Alisoma vizuri, lazima tuseme. "Tumetoa tuzo hii hasa kwa sheria moja, sheria ya koki, inayomfanya mchezaji alipe kwa ubaya wake." Makofi. Mtunzi, kijana mwembamba ndani ya koti la kuazima, alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu likakwama nusu.

Mwenyekiti aliposhuka, kijana alimfuata moja kwa moja, na Fundi akasogea, kwa sababu ndiyo ilikuwa nafasi yake.

"Samahani, mzee wangu. Hiyo sheria ya koki mmeitoa wapi?"

"Kwako, kijana! Ukurasa wa saba."

"Ukurasa wa saba una picha ya tangi."

Mwenyekiti akacheka. Akaacha kucheka. Akageuka, na Kinyozi naye akageuka, wote macho kwa Fundi.

"Ni yangu," Fundi alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ile sheria ni yangu. Niliitunga mimi, mwezi wa kwanza. Bila hiyo mchezo ulikuwa hauchezeki, mnakumbuka. Naomba tu, mkichapa tena, muandike jina langu kule nyuma."

Mtunzi alimtazama kama mzazi anayerudishiwa mtoto kabla hajajua kwamba amepotea. "Ukifunga kwa jirani unafunga na kwako," alinong'ona. "Dah. Dah! Mimi niliwaza mwaka mzima sikuiona."

Sekunde kama tano hivi, Fundi aliamini jina lake litaingia.

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti akaingia. "Wewe ulituambia imeandikwa."

"Ndiyo, kwa sababu..."

"Ulituambia ukurasa wa saba. Ulitaja na ukurasa! Kwa hiyo mwaka mzima unatukalia pale na kitabu unatudanganya? Watu wazima?"

"Ningesema ni yangu mngekubali?"

"Hilo hatujui, maana hukusema. Njia ya mwongo fupi, dada. Kama iko kitabuni, si yako. Kama haiko, basi umetufanya wajinga, na mimi nimesimama pale mbele nimesoma uongo wako kwenye kipaza sauti."

Fundi akamtazama Kinyozi. Yule bwana ambaye hakuwahi kukosa neno alikuwa anakagua kucha zake.

"Shemeji," alisema mwishowe, polepole, "ungetuambia tu."

Halafu ikawa kama inavyokuwaga. Mwenyekiti alimshika mtunzi begani, wakaenda dirishani. Fundi hakusikia yote ila alielewa. Mchezo umepewa tuzo kwa sheria isiyokuwemo ndani ya boksi. Likijulikana, kijana anapokonywa stika, jopo linachekwa, Mwenyekiti anatolewa. Wote wawili walikuwa na cha kupoteza, na yeye hakuwa na chochote cha kuwatishia nacho isipokuwa ukweli, na ukweli wenyewe ulianza na uongo wake. Kijana aligeuka mara moja kumwangalia. Alikuwa na aibu usoni. Hakurudi.

"Limekwisha kiungwana," Mwenyekiti alimwambia wakiwa wanatoka. "Toleo la pili sheria inaingia. Na klabu inatajwa. Wewe nyamaza tu, kwa heshima ya wenzako."

Toleo la pili lilifika mwezi wa nne, stika ya dhahabu juu ya boksi. Fundi alianzia nyuma, kama kawaida yake. *Shukrani za pekee kwa Mwenyekiti,* na jina lake kamili, herufi zote, *kwa wazo la koki. Na kwa wanachama wote wa klabu yake.*

Alimpelekea dukani, akaweka kidole kwenye mstari. Mwenyekiti alikuwa anahesabu bahasha.

"Sasa unalalamika nini? Umo. Umo humo kwenye *wote*."

Nyumbani dada alisoma ule mstari, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Fundi alimwona akiufunga tena. Ilimuuma kuliko maneno.

Hakuacha klabu. Angeenda wapi Jumamosi? Lakini kijitabu hawakumpa tena. "Siku hizi tunajisomea," Mwenyekiti alitangaza, "tusije tukaletewa ukurasa wa saba mwingine," na watu wakacheka, kicheko kilekile cha zamani. Kusoma akapewa Kinyozi, anayesoma kama anayepanda ngazi gizani.

Juzi kulikuwa na boksi jipya, la kampuni kubwa ya nje, inayotegemewa kuchukua tuzo zote mwaka huu. Mchezo wa soko la nafaka. Kinyozi akasoma dakika arobaini, wakaanza. Raundi ya pili Fundi akaona tundu. Kadi za mavuno zingeisha kabla ya mchezo kuisha, na kuanzia hapo hakuna anayeweza kununua wala kuuza, wangezunguka tu. Dawa ilimjia hapohapo, fupi, sentensi moja tena: atakayekosa kadi achukue kwa aliye kushoto kwake, amwachie zamu. Aliiona ikifanya kazi kichwani, aliuona mchezo mzima ukinyanyuka.

Raundi ya nne kadi zikaisha. Watu wakatazamana.

"Sasa?" alisema mmoja.

Kinyozi alipekua mbele na nyuma. Akainua macho, akaangalia upande wa Fundi, sauti chini. "Shemeji. Hapa tumekosea mahali?"

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema mchezo unaendelea."

"Basi endeleeni."

"We unaonaje lakini?"

Mwenyekiti alikuwa ameinua kichwa anasikiliza.

"Mimi sioni kitu," Fundi alisema.

Wakaendelea masaa mawili na nusu, hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza. Watatu waliaga mapema. Mwenyekiti alipiga mwayo akasema mchezo una kina, inabidi uuzoee. Zamu ilipomfikia, Fundi alirusha dadu, ikatua tatu, akasogeza kete yake hatua tatu.