Mteja wa Soda Moja Kila Jioni

Siku niliyoingiza mashine ya soda nyumbani, mume wangu alijifungia bafuni akalia.

Sitanii. Alifungua bomba ili nisisikie, lakini nilisikia. Mwanaume mzima, fundi wa friji, mtu anayebeba kompresa begani huku anapiga mluzi, analia kwa sababu ya mashine ya soda.

Nilicheka kidogo pale mlangoni. Nikadhani kazi imemwelemea siku hiyo. Laiti ningejua.

Ngoja nianze panapostahili.

Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Tunaishi vyumba viwili, na nyuma yetu unapita mtaro wa maji ya mvua. Mtaro huo ulijaa chupa za plastiki mpaka ukaziba. Mwaka jana mvua kubwa ilinyesha, maji yakakosa njia, yakaja kwetu. Godoro likaharibika, kabati likavimba, picha za harusi zikanatana hata hatukuweza kuzibandua.

Nilikasirika kweli. Nikakusanya majirani, tukawa tunazibua mtaro kila mwisho wa wiki, tukakubaliana kila nyumba ipunguze chupa. Wakanichagua mwenyekiti. Halafu wakanipachika jina: Mama Chupa.

Lilikuwa jina la utani, nami nilicheka nao. Lakini liliniuma. Mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi nilikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto, watu wakakosa jina la kuniitia, wakanipa chupa.

Hapo kwenye mtoto nieleze kidogo, maana bila hapo hutanielewa.

Mwaka wa pili wa ndoa mama mkwe alianza maneno ya chini chini. Mara anauliza kama nakula vizuri, mara anataja watoto wa shoga yake. Mume wangu akaenda hospitali peke yake. Aliporudi akatuketisha mimi na mama yake, akasema daktari ameona tatizo ni lake.

Mama mkwe alilia. Tangu siku ile akawa ananiita mwanangu, ananiombea subira. Mawifi waliokuwa wakinikata jicho wakaanza kunisifu: mwanamke wa namna gani huyu, amekubali kukaa na mume asiyezaa.

Nilitaka nami nikapime. Akaniambia hakuna haja, tatizo limeshajulikana. Nikamwonea huruma, nikampenda zaidi. Na zile sifa nilizipokea, nisiwe mnafiki.

Sasa, mume wangu alikuwa na mazoea yake. Kila jioni anarudi na chupa moja ya soda. Ukimuuliza mbona umechelewa, anasema alipitia soda. Tunaigawana, tunasimuliana ya kutwa, maisha yanaendelea. Chupa tupu zinajazana pembeni ya jiko.

Umeona tatizo lilipo. Mwenyekiti anahubiri mtaa mzima, na jikoni kwake chupa zinataka kumtoa mwenye nyumba.

Jirani mmoja alinipasha kwenye mkutano. Akasema mganga hajigangi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikakosa pa kuweka uso.

Bahati, au niseme balaa, wiki hiyohiyo mgeni mmoja aliyekaa sana pale kazini aliondoka akaacha mashine ya kutengenezea soda. Meneja akaniambia chukua wewe mwenye kampeni yako. Ni kitu rahisi tu. Unajaza maji baridi kwenye chupa yake, unaipachika, unabonyeza, gesi inatoka kwenye mtungi mdogo kwa mlio na maji yanajaa mapovu. Unaongeza sharubati, umemaliza. Chupa ni ileile, unaosha unarudia.

Jioni mume wangu akaingia, mkononi ana soda yake kama kawaida. Nikampokonya ile chupa kwa mzaha, nikampa glasi ya kwetu.

"Kuanzia leo hakuna haja ya kupitia soda," nikamwambia. "Na kwa kuwa hutapita huko, uwe unanipitia mimi kazini turudi wote."

Aliitazama ile mashine kwa muda. Akauliza kama hata mara moja moja haiwezekani. Nikamjibu kwamba mume wa mwenyekiti haonekani barabarani na chupa ya plastiki, majirani watanila nyama.

"Sawa," akasema. "Nimeacha."

Ndipo akaingia bafuni.

Kuanzia kesho yake akawa ananipitia kazini bila kukosa. Tunatembea bega kwa bega, najiona nimeolewa upya. Mwisho wa wiki tuko wote mtaroni, tunatoa chupa. Kampeni ikashika kasi, hata majirani wengine wakaanza kuulizia mashine.

Lakini mume wangu alikuwa anapungua. Chakula anakichokonoa. Soda ya mashine anakunywa kwa heshima tu. Ukiuliza, ni uchovu. Tukiwa njiani jioni ananijibu nusu nusu, macho yako upande mwingine wa barabara.

Nikasema hapa kuna mtu. Wanawake wenzangu mnanielewa.

Nikaanza kupeleleza kimyakimya. Mwenzake wa karakana akaponyokwa na maneno, akaniambia fundi alikuwa habanduki kwenye kibanda kimoja cha soda nyuma ya shule ya msingi. Soda moja, anakaa nayo mpaka wafunge.

Soda moja mpaka wafunge. Muuzaji ni nani jamani, malaika?

Siku iliyofuata nikaomba ruhusa mapema. Nikakaza kitambaa kichwani, nikaenda huku nimeshapanga matusi yangu kwa mafungu.

Nilikuta kibanda kimepigwa kufuli. Friji imeondolewa, pamebaki alama yake kwenye sakafu ya baraza. Pembeni yuko fundi cherehani, mama wa makamo, anapinda suruali. Nikamuuliza kwa ukali yuko wapi yule dada anayeuza hapa.

Akasimamisha cherehani yake. Akanipandisha na kunishusha.

"Wewe ndiye mke wa fundi friji?"

Nikasema ndimi.

"Hapa hapakuwa na dada," akasema. "Alikuwa bibi na mjukuu wake. Wamehama wiki iliyopita."

Akanisogezea kigoda, nami nikakaa. Akanieleza yote, maana bibi alimwachia maneno kabla hajaondoka.

Ni hivi. Kabla hajanijua mimi, mume wangu alikuwa na mpenzi. Yule msichana akashika mimba. Mume wangu, kijana wakati huo, akaogopa, akakimbilia mji mwingine kusomea ufundi. Msichana alijifungua bila yeye na akafa palepale. Mtoto akapona, wa kike, akalelewa na bibi yake mzaa mama.

Baadaye mume wangu alirudi kuomba msamaha. Bibi hakumfukuza, ila hakumsamehe. Alimpa sharti. Akamwambia hapa huna mtoto. Ukitaka kumwona, njoo kama mteja, nunua soda yako, kaa kwenye benchi kama wateja wengine. Siku ukijiita baba, hutatuona tena.

Akakubali. Miaka yote hiyo mume wangu alikuwa mteja wa mwanawe.

Fundi cherehani alisema mtoto alimzoea mno, akimwita baba wa friji bila kujua anasema nini. Alikuwa na maswali yasiyoisha. Kwa nini friji ndani ni baridi halafu mgongoni ni moto? Mume wangu anachukua chaki, anamchorea sakafuni, anamweleza, mpaka bibi anakohoa kuwakumbusha kazi za shule.

Akanionyesha picha kwenye simu, mtoto amevaa gauni alilomshonea. Sikuwa na haja ya kuuliza. Masikio yale yaliyosimama, na jicho moja linalofumba zaidi akicheka, naamka nayo kila siku.

Nilikuwa bado naitazama ile picha, jambo lingine likanijia taratibu.

Huyu ni mtoto wake. Basi mume wangu anazaa.

Sasa yule daktari? Na yale majibu?

Hakukuwa na majibu yoyote. Aibu haikuwa yake hata siku moja, aliibeba tu, akaivaa mbele ya mama yake na dada zake, na sifa nikapewa mimi.

"Mbona wamehama?" nikauliza.

Yule mama alikunjakunja ile suruali.

"Bibi alikuwa anampima," akasema. "Aliniambia shule zikifungwa mwaka huu atamweleza mtoto. Alisema huyu mwanaume amevumilia, sasa anafaa kuitwa baba. Halafu ghafla akakata mguu."

Sikuweza kumtazama.

"Mtoto alikuwa anamtengea soda yake kwenye friji kila jioni, hataki iuzwe. Bibi akangoja, akangoja. Mwisho akasema, alimkimbia mama yake, na huyu naye amemkimbia. Wameenda kwa mwanawe mwingine, mbali, hata mimi hakuniambia ni wapi."

Nilimshukuru, nikaondoka. Yale matusi yangu yote nilirudi nayo, na wa kumtukana alikuwa ni mimi.

Mume wangu alikuja nyumbani akiwa na wasiwasi, alinipitia kazini akanikosa. Nikamwambia nimetoka kibandani. Akakaa chini, hapohapo mlangoni. Hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu.

"Ameniulizia?"

Nikamwambia alikuwa anamtengea soda. Nikamwambia wamehama. Sikujua namna ya kusema jambo kama hilo taratibu, kwa hiyo nilisema yote kwa mkupuo mmoja. Akaweka viganja usoni, akalia mbele yangu, na mimi nikalia.

Akanieleza kwamba aliponyimwa jioni alijaribu kwenda mchana. Kila akienda kibanda kimefungwa, bibi hufungua mtoto akitoka shule. Jioni yuko na mimi, mwisho wa wiki yuko na mimi. Alidhani atapata njia kabla bibi hajachoka.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu. Akasema angenielezaje habari za mtoto bila mimi kujua kwamba ule ugonjwa aliutunga? Nikamuuliza basi kwa nini aliutunga.

"Mama yangu angekutoa humu ndani," akasema. "Nilishamwacha mwanamke mmoja abebe peke yake. Nisingeweza kumwacha wa pili."

Nimeambiwa maneno mengi ya mapenzi katika maisha yangu. Hayo ndiyo yaliyonivunja. Nataka nimkasirikie kwa kunificha, nashindwa. Nataka nimshukuru, nako nashindwa. Usiku najikuta nimemshika mkono tu, hatuongei.

Tumekwenda shuleni. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasema bibi alichukua uhamisho na hawezi kutuambia ulikwenda wapi, kwa sababu kwenye karatasi zao sisi si lolote kwa mtoto yule. Alichosema ni kweli. Simu ya bibi haipatikani. Jioni mume wangu anaenda kukaa kwenye baraza ya fundi cherehani mpaka giza liingie, halafu anarudi mikono mitupu.

Mama mkwe alikuja juzi. Nilimweleza ukweli wote, na kwamba kama kuna wa kupimwa ni mimi. Sijui atanifanya nini. Kwa sasa hilo ndilo dogo.

Ndugu zangu, chupa za plastiki bado ni adui. Mtaro wetu unapitisha maji, mvua ya mwezi huu haikutugusa, na kampeni sitaiacha. Ila nilikazana na chupa, mtu aliyeishika sikumtazama. Ukitaka kumwachisha mwenzako kitu kidogo anachokishikilia kila siku, keti naye kwanza, umuulize kinampeleka kwa nani. Muulize kwa upole, maana jibu linaweza kuwa zito kwake kulisema.

Na kama huko uliko kuna bibi mgeni amefungua kibanda cha soda, ana mjukuu wa darasa la nne, masikio yamesimama, maswali mpaka wateja wanachoka, nakuomba mtoto usimwambie kitu. Mvute bibi pembeni. Mwambie yule mteja hakukimbia.

Mwambie ni mkewe aliyemzuia, na ni mkewe anayemtafuta.