Siku ya Pili Baada ya Jembe

Mke wa mwanangu alipona korona, tukamshukuru Mungu. Kikohozi kiliisha, homa ikaisha, akarudi shambani. Nikajua yamekwisha.

Hayakwisha. Anapanda mistari miwili ya maharage, anakaa chini kama mzazi aliyejifungua jana. Chungu kinaungua, moshi umejaa jikoni, yeye kakaa palepale, hasikii harufu. Anakwenda kununua chumvi, anarudi mikono mitupu, kasahau. Nami mdomo wangu hauna mlango: "Wewe, kwenu mlilelewa kwa kulala?" Alilia tu.

Sisi wanawake wa hapa Makere tunalimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa mwenzangu. Asiyefika kwa wenzake, shamba lake haliguswi. Yeye alikosa mara nne. Wakasema wanamtoa, na mvua zimeshaanza.

Hapo nikafanya kosa. Kila alipoamka ana nguvu nilimpa jembe: "Fidia sasa, kabla hujalegea tena!" Analima vizuri, hata anacheka. Kesho yake mzima. Keshokutwa hainuki; akienda chooni tu, moyo unamwenda mbio.

Sikusoma zaidi ya darasa la pili, lakini mbuzi anayeumwa namjua kwa anavyosimama. Ilipotokea mara ya tatu nikajiambia: mvivu hulegea kabla ya kazi. Huyu analegea siku ya pili baada yake.

Nikampeleka hospitali Kasulu mjini, wakampima. Malaria hana, damu anayo ya kutosha. Nikamweleza tabibu yote niliyoyaona. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, umeona vizuri. Korona huwaachia wengine mabaki ya namna hii. Dawa ya kuyamaliza sina. Ila siku akijisikia vizuri, asimalize nguvu zote."

"Kumbe anayemwangusha ni mimi?"

"Hukujua, Bibi."

Nikawafuata wenzangu wa zamu, nikawaeleza niliyoyaona na ya tabibu. Mmoja akanicheka: "Mama mkwe anamtetea mkamwana! Amekulisha nini?"

"Maharage yaliyoungua," nikamjibu. "Mkimtoa, nitoeni na mimi. Zamu zake nitalima mimi. Yeye atachambua mbegu akiwa amekaa."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Wakakubali, wengine kwa kununa.

Siku ya zamu yetu walilima mpaka kwenye migomba. Mkamwana wangu akaona aibu, akaweka ungo wa mbegu chini, akashika jembe. Yule yule aliyenicheka ndiye aliyempigia kelele:

"Kaa chini wewe! Leo unajitia nguvu, keshokutwa nani atakubeba?"

Akakaa.